Mgeni Asiyefika: Kisa cha Nondo wa Bogong na Mapango Matupu ya Australia

Ukimulika tochi ukutani mwa pango la nondo wa Bogong katikati ya kiangazi cha Australia, utadhani jiwe limeota manyoya. Rangi yake ni kahawia iliyofifia, laini, imetanda juu ya mwamba hadi ndani ya nyufa. Isogeze taa. Manyoya yale ni mabawa. Kila nondo amejishika kwenye jiwe kwa miguu ya mbele, kichwa amekipenyeza chini ya mabawa ya aliyemtangulia, na mabawa yake mwenyewe yamemfunika anayemfuata, mfano wa vigae juu ya paa. Wamelala. Hawapandani, hawagombani, wala hawana haraka ya kwenda popote. Mtafiti Ian Common, aliyewachunguza mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kazi yake mwaka 1954, alikadiria nondo 17,000 katika mita moja ya mraba ya mwamba. Chukua ukuta wenye ukubwa wa mlango wa chumba, takribani mita mbili za mraba: hapo pekee pana nondo zaidi ya 30,000. Na mapango yenyewe ni mengi.

Kisa ninachokichambua hapa kilianza pale watu waliozizoea kuta hizo walipoingia mapangoni kiangazi cha 2017 kuelekea 2018 wakakuta nondo wamepungua kupita kiasi. Kiangazi kilichofuata wakarudi, na hali ilikuwa mbaya zaidi. Mapango yaliyokuwa yakipokea mamilioni yalikuwa karibu matupu. Makadirio yaliyotolewa baadaye yalisema idadi ilianguka kwa asilimia 99.5, yaani kati ya kila nondo 200 alibaki mmoja. Huyu ni mdudu ambaye idadi yake ilikuwa ikikadiriwa kufika takribani bilioni nne.

Hakuna aliyevamia mapango. Hayakubomolewa, hayakupuliziwa dawa, na mengi yamo ndani ya hifadhi za taifa zenye sheria na askari wake. Ndiyo maana kisa hiki hakiwezi kueleweka kwa kukaa pangoni na kuhesabu. Lazima turudi nyuma, mpaka mahali nondo anapozaliwa.

Mdudu mmoja, makazi matatu

Jina lake la kisayansi ni Agrotis infusa. Kwa sura hana cha kujivunia: akinyoosha mabawa anafika sentimita nne au tano, ni wa kahawia, ana alama nyeusi iliyochongoka kama mshale katika kila bawa la mbele na madoa mawili meupe yaliyopauka. Kiwavi wake mkulima yeyote angemtambua, maana ni sota, wale viwavi wanaojichimbia udongoni mchana na kutoka usiku kukata mche kwenye shina, asubuhi ukaukuta umelala chini. Katika mashamba ya Australia hula ngano, shayiri, njegere na magugu ya malishoni. Kwa mkulima wa kule, kiwavi huyu ni hasara.

Makazi yake ya kwanza ni tambarare: kusini mwa Queensland, magharibi mwa New South Wales, magharibi mwa Victoria, nchi ya udongo mzito wa mfinyanzi unaopasuka ukikauka na kufumba ukilowa. Huko jike hutaga mayai majira ya mapukutiko, na jike mmoja anaweza kutaga hadi 2,000. Mvua za majira ya baridi zikinyesha, mimea michanga inachipua, na viwavi wanakuta chakula tayari. Wanakula, wanakua, wanajibadili kuwa pupa ndani ya udongo, na inapofika Septemba nondo wanaanza kutoka.

Hapo ndipo maisha yake yanapochukua mkondo wa ajabu. Kiangazi cha tambarare hizo ni kikali. Majani yanakauka, na kiwavi ambaye angezaliwa Desemba asingekuta jani la kutia mdomoni. Wadudu wengine hukabili tatizo hili kwa kujificha udongoni wakiwa mayai au pupa mpaka hali ipoe. Nondo wa Bogong yeye huhama. Anaruka usiku baada ya usiku, akinywa mbochi wa maua njiani, safari inayoweza kufika kilomita 1,000, hadi kwenye safu ya milima ya kusini mashariki mwa nchi, Alpi za Australia. Hiyo njia ya angani ndiyo makazi yake ya pili, ingawa watu wachache huihesabu hivyo.

Makazi ya tatu ni mapango na nyufa za mawe karibu na vilele. Mlima Kosciuszko, mrefu kuliko yote katika bara hilo, una mita 2,228. Mlima Bogong wenye mita 1,986, mrefu kuliko yote katika jimbo la Victoria, unabeba jina lilelile la nondo, jina lililotoka katika lugha za wenyeji wa asili wa sehemu hizo. Ndani ya nyufa hizo kuna baridi isiyobadilikabadilika, giza na unyevunyevu. Nondo analala humo miezi kadhaa, akitumia kidogokidogo akiba ya mafuta aliyokuja nayo. Kuanzia Februari hadi Aprili, joto la tambarare likipungua, anashuka. Anarudi alikozaliwa, anajamiiana, jike anataga, kisha wote wanakufa.

Ni nondo yuleyule aliyekwenda ndiye anayerudi. Vipepeo wengi wanaosifiwa kwa kuhama hupokezana safari kizazi kwa kizazi, huyu anazaliwa huku na huyu anafia kule. Nondo wa Bogong anakwenda na kurudi kwa maisha yake mwenyewe, na anakwenda mahali ambapo hajawahi kufika, bila mzee wa kumwongoza, kwa kuwa wazazi wake walikwisha kufa kabla yeye hajatoka udongoni.

Nani anamwonyesha njia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bila kuelewa jinsi anavyosafiri hatuwezi kupima vizuri mmoja wa washukiwa wa kisa hiki.

Eric Warrant, Mwaustralia anayefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, pamoja na mwenzake David Dreyer na wengine, walijenga kifaa cha kumsikiliza nondo akiwa katikati ya safari. Nondo ananaswa usiku. Magamba machache yanafutwa mgongoni, kijiti chembamba kinabandikwa kwa gundi, kisha kijiti kinashikizwa kwenye kipimo ndani ya chombo cha mviringo. Nondo anaruka kwa nguvu zake zote, na anaweza kugeukia upande wowote anaoutaka, ila habanduki pale alipo. Kipimo kinaandika: amegeuka huku, amegeuka kule.

Mwaka 2018 walionyesha kwamba nondo huyu anahisi usumaku wa dunia na kuulinganisha na alama anazoziona. Alama na usumaku vikikubaliana, anashika njia. Vikipingana, baada ya dakika chache anapotea, anaanza kuzungukazunguka. Mwaka 2025 wakatoa jambo kubwa zaidi. Waliondoa usumaku ndani ya chombo kwa kutumia koili za umeme, wakamwonyesha nondo picha ya anga la usiku kama lilivyo juu ya milima ile. Nondo wa majira ya machipuko wakaelekea kusini, wa majira ya mapukutiko wakaelekea kaskazini, kila mmoja upande wa safari ya msimu wake. Picha ya anga ilipogeuzwa nyuzi 180, nondo nao wakageuka. Nyota zilipotawanywa ovyo, wakapoteza mwelekeo kabisa. Hata seli za neva katika ubongo wake zilionekana kuitikia jinsi anga lilivyozungushwa. Huyu ndiye mdudu wa kwanza kujulikana kwamba hutumia nyota na ule mkanda mweupe wa Njia Nyeupe kama dira ya safari ndefu, kwa ubongo mdogo kuliko punje ya mchele.

Kila ninaporudia habari hii nakaa kimya kidogo. Mabaharia wa zamani walihitaji miaka ya kufundishwa na manahodha wao ili wazisome nyota. Kiumbe huyu anatoka udongoni Septemba, mabawa yake bado mabichi, na somo lote analo tayari.

Waliokuwa wakimsubiri

Kiswahili kina msemo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui kama kuna mgeni duniani aliyestahili msemo huu kuliko nondo wa Bogong. Milima ile ni maskini wa chakula mara theluji inapoyeyuka. Ghafla, kutoka gizani, wanaingia mamilioni ya wageni walionona. Zaidi ya asilimia 60 ya uzito mkavu wa tumbo la nondo aliyefika mlimani ni mafuta. Kunguru wanakula, popo wanakula, mbweha wanakula. Hata udongo unanufaika, kwani wanaokufa hubaki sakafuni mwa pango, magamba juu ya magamba, mwaka juu ya mwaka.

Lakini mwenyeji aliyemtegemea zaidi ni posamu kibete wa milimani, Burramys parvus, mnyama mwenye mfuko wa kulelea watoto, uzito wake kama gramu 45, mkia mrefu kuliko mwili. Habari zake zina historia ya kipekee. Mwaka 1895 Robert Broom alimweleza kutokana na mabaki ya mifupa, na kwa miaka 71 wanasayansi waliamini ametoweka zamani za kale. Mwaka 1966 akapatikana mzima, ndani ya nyumba ya wageni wa michezo ya theluji katika Mlima Hotham. Waliobaki porini leo wanakadiriwa kuwa takribani 2,000 tu, wote katika malundo ya mawe ya milima hii.

Posamu huyu hulala chini ya theluji hadi miezi saba. Anaamka akiwa amekonda, na kwa jike, saa inaanza kuhesabu papo hapo: apate nguvu, apate mimba, anyonyeshe watoto hadi wanne, awakuze, na wote wanenepe tena kabla theluji haijarudi. Nafasi ya pili ndani ya mwaka haipo. Anakuta nondo katikati ya mawe, anamkamata kwa mikono miwili midogo, anamng'oa mabawa, anakula mwili wenye mafuta.

Machipuko ya 2018 nondo hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Watafiti waliokuwa wakiwakagua posamu katika milima ya Victoria walifungua mifuko ya majike wakakuta watoto waliokufa. Mama alikuwa hai, amekonda, maziwa hayakutosha. Ni kwa njia hii watu wengi wa Australia walianza kusikia kwamba nondo wametoweka: habari haikuletwa na nondo, ililetwa na mifuko ya posamu.

Na kuna wenyeji wengine, binadamu. Kwa karne nyingi watu wa asili wa sehemu hizo, Wangarigo, Wawalgalu, Wangunnawal, Wawiradjuri, Wagunaikurnai na majirani zao, walikwea milima kila kiangazi kuwafuata nondo. Makabila yalikutana huko, mambo ya ndoa na sheria yakazungumzwa, ngoma zikachezwa. Nondo walichomwa kwenye majivu ya moto au mchanga uliopashwa, mabawa na miguu vikaondolewa, miili ikaliwa au kusagwa na kufinyangwa kuwa mikate iliyoweza kubebwa. Mwaka 2019, katika pango la Cloggs kwenye ardhi ya Wagunaikurnai, wanaakiolojia wakishirikiana na wenye ardhi wenyewe walichimbua jiwe dogo la kusagia. Kwenye jiwe hilo yalipatikana mabaki ya nondo wa Bogong, na umri wake unafika miaka 2,000 hivi. Kwa hiyo pango likibaki tupu, kinachokatika si mlo wa posamu peke yake. Ni karamu ambayo vizazi vya watu viliitunza katika masimulizi hata baada ya walowezi kuwaondoa milimani katika karne ya 19.

Washukiwa

Mshukiwa wa kwanza kutajwa na wengi ni taa za mijini. Ushahidi dhidi yake upo. Canberra, mji mkuu wa Australia, imekaa katika mapito ya nondo, na tangu jengo la Bunge lifunguliwe mwaka 1988 juu ya kilima, taa zake zimekuwa zikiwavuta kwa makundi hadi kwenye korido na mabomba ya hewa. Mwaka 2000, katika sherehe za kufunga Olimpiki ya Sydney, nondo wa Bogong alitua kwenye vazi la mwimbaji Yvonne Kenny akiwa anaimba mbele ya dunia nzima. Mdudu anayesoma nyota, ukimwashia taa elfu kumi chini ya nyota hizo, unampotosha. Wengine huzunguka taa usiku kucha mpaka nguvu ziwaishie.

Hata hivyo, taa haziwezi kubeba kesi hii. Taa za Canberra na Sydney zilikuwepo miaka ya 1990, zilikuwepo 2000, na nondo walikuwa wakifika. Hazikuongezeka mara mia mbili mwaka 2017. Taa ni mwizi wa kila siku. Kilichotokea hapa ni kama nyumba kuporwa usiku mmoja.

Mshukiwa wa pili ni dawa za kuua wadudu. Hapa pana ushahidi wa kutia hofu uliotoka pangoni penyewe. Mwaka 2001 watafiti, akiwemo Ken Green ambaye amefuatilia mapango ya Milima ya Snowy kwa miongo mingi, walieleza jinsi majani nje ya pango moja yalivyokufa baada ya mvua kubwa kusomba mabaki ya nondo kutoka ndani. Walipopima wakakuta aseniki. Kila nondo alikuwa na kiasi kidogo mwilini alichokibeba kutoka mashamba ya bondeni. Wakikutana mamilioni sehemu moja, mwaka juu ya mwaka, kidogo kile kikawa sumu ya kuua majani. Tukio hilo linathibitisha kwamba kinachofanyika shambani kilomita mamia kutoka hapo kinafika kileleni. Ila bado haliniambii kwa nini idadi ianguke ghafla katika miaka hiyo mahususi.

Mshukiwa wa tatu ni ukame, na huyu ndiye ninayeamini alifyatua risasi. Miaka mitatu kuanzia 2017 hadi 2019 ilikuwa mikavu kuliko miaka mitatu mingine yoyote iliyorekodiwa katika bonde la mito Murray na Darling. Mwaka 2019 ulikuwa wa joto zaidi na mkavu zaidi katika kumbukumbu za Australia nzima.

Mtu anaweza kupinga kwa haki: Australia ni nchi ya ukame, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2009 ilipitia ukame mrefu zaidi ya huo, ambao katikati yake nondo walikuwa wakitua hata kwenye mavazi ya waimbaji. Kwa nini ule haukuyamaliza mapango? Jibu, kwa maoni yangu, liko katika mahali na msimu. Ukame ule mrefu uliibana zaidi kusini mashariki. Huu wa 2017 ulipiga kwa nguvu kaskazini mwa New South Wales na kusini mwa Queensland, yaani chumba cha kuzalia chenyewe. Na mvua iliyokosekana ilikuwa hasa ya miezi ya baridi, ile inayootesha majani ya kiwavi, tena ikakosekana miaka mitatu mfululizo. Nondo anaishi mwaka mmoja. Hana akiba ya vizazi, hana mbegu inayosubiri udongoni miaka mitano. Mwaka wa kwanza wanazaliwa wachache, mwaka wa pili wachache hao wanataga kwenye ardhi kavu, mwaka wa tatu karibu hakuna wa kutaga.

Lakini hata ukame hakuwa peke yake, na hili ndilo lisilosemwa vya kutosha. Mwaka 2021 Green na wenzake walichapisha kumbukumbu za mapango kuanzia 1951 hadi 2020. Hadi karibu 1980 idadi ilikuwa imetulia. Kuanzia hapo hadi 2016 ilipanda na kushuka, ila mwelekeo wake ulikuwa ni wa kupungua polepole. Ndipo 2017 ikaporomoka. Kwa hiyo ukame ulimkuta mgonjwa. Miaka zaidi ya thelathini ya mabadiliko ya kilimo, dawa, taa na joto linalopanda ilikuwa imekwisha kumdhoofisha, bila mtu kupiga kelele, kwa kuwa jicho la kawaida haliwezi kutofautisha pango lenye nondo milioni tano na lenye milioni tatu.

Yaliyofuata

Shirika la bustani za wanyama la Zoos Victoria lilianzisha mwaka 2019 njia ya wananchi kupiga picha nondo wanaowaona na kuzituma, ili safari ifuatiliwe kutoka majumbani, barabarani na mashambani. Likawaomba pia watu wazime taa zisizo za lazima Septemba na Oktoba. Bunge la Canberra nalo limekuwa likipunguza taa zake za nje msimu wa nondo. Haya ni mambo mema na rahisi, na nayaunga mkono yote, kwa kuwa nondo wakiwa wachache kila mmoja anayenusurika njiani ana thamani kubwa kuliko zamani.

Kisha ukaja moto mkubwa wa kiangazi cha 2019 na 2020, ukapita hata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kosciuszko. Posamu waliosalia kwenye mawe wakakosa nondo na sasa wakakosa na mimea. Watu wakapanda milimani na vyombo vya maji na biskuti maalumu zilizotengenezwa kufanana na nondo kwa mafuta na virutubisho. Ziliitwa biskuti za Bogong. Nafikiria biskuti hizo mara nyingi. Mikono ya binadamu ikifinyanga unga kuigiza kile ambacho miaka michache nyuma kiliingia mapangoni bure, kwa mabilioni, kila Oktoba.

Desemba 2021, IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, ukamwingiza nondo wa Bogong katika orodha yake kama spishi iliyo hatarini kutoweka. Mdudu aliyekuwa akiziba mabomba ya hewa ya Bunge kwa wingi wake sasa yuko orodha moja na tembo wa Asia.

Mvua zilirudi kuanzia 2020, na nondo nao wakaanza kuonekana kwa wingi zaidi kuliko ile miaka mikavu. Ni habari njema kweli. Inaonyesha kwamba mayai 2,000 kwa jike mmoja ni nguvu isiyo ya kubezwa, na udongo ukilowa kwa wakati wake, mdudu huyu anajua la kufanya. Ila kupanda kutoka mmoja kati ya mia mbili si sawa na kurudi pale alipokuwa, na ukame mwingine utakuja. Hilo katika nchi ile halina ubishi.

Ugumu wa kumlinda uko hapa. Pango ni la hifadhi ya taifa, lina mipaka kwenye ramani. Anga halina mwenye nalo. Na chumba cha kuzalia ni mashamba na malisho ya watu, ambao kwao sota ni adui wa ngano na kumpulizia dawa ni haki ya mtu anayelinda jasho lake. Siwalaumu. Lakini mjadala wowote wa kumlinda nondo huyu unaoanzia na kuishia mlimani unawaacha nje ya chumba watu ambao ndio wanaomiliki udongo anamozaliwa. Mimi ningeanza nao: wapi wanaweza kuacha vipande vya malisho bila dawa majira ya baridi, ni kemikali gani zinazobaki udongoni muda mrefu, ni viwavi wangapi shambani wanaovumilika kabla hasara haijawa hasara ya kweli. Mkulima aliyeishi miaka hamsini kwenye udongo ule wa mfinyanzi ameona viwavi wengi kuliko mtafiti yeyote wa milimani, na sidhani kama ameulizwa vya kutosha.

Na anayetaka kujua kama mapango ya Kosciuszko yatajaa Desemba ijayo asingoje Desemba ifike, wala asipande mlima. Aulize mwezi Juni, majira ya baridi ya kule, kama imenyesha bondeni, kaskazini mwa New South Wales, na kama majani machanga yamechipua kwenye nyufa za udongo mweusi.